Kondoo wa Mong'ina na Makopo ya Pumzi

Mong'ina alizaliwa Kisii akaolewa Kuria, na kwa miaka yote aliyokaa karibu na Kegonga hakuacha kuitwa "yule Mkisii." Hakuwachukia watu kwa hilo. Mumewe, Mniko, alimwita kwa jina lake, na hiyo ilimtosha. Nyumbani walisemezana kwa Kiswahili, kwa sababu kila alipojaribu Kikuria watu walicheka jinsi anavyokitamka. Binti yao wa pekee, Robi, aliolewa Tarime, ng'ambo ya mpaka. Mwaka wa 1995 Mniko aliugua homa siku nne tu akafa, akamwachia mkewe nyumba ya mabati, mama mkwe aliyeitwa Boke, na kondoo ishirini na wanne.

Kondoo ndio walioleta maneno. Hata matanga hayajaisha, shemeji yake Mwikwabe, mdogo wa marehemu, alikuja akasimama mlangoni pa zizi, mikono mgongoni.

"Hizi kondoo ni za boma yetu," alisema. "Wewe chunga tu. Siku nikizihitaji nitakuja."

"Sawa, shemeji," alijibu Mong'ina.

Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Alichunga, alifagia zizi, aliwatoa kupe wanyama mmoja mmoja kwa vidole, lakini moyoni alijua anamtunzia mtu ambaye siku moja atapita na fimbo na kuwaswaga wote. Mama mkwe wake hakumtetea. Boke alikuwa mzee wa maneno machache, na Mwikwabe alikuwa mwanawe wa mwisho aliyebaki hai.

Aprili mwaka uliofuata akaja Levi. Alikuwa kijana mrefu wa Kijaluo kutoka Rodi Kopany, amesomea mifugo, na alipanda pikipiki nyekundu iliyoandikwa jina la mradi ambao watu wa Kegonga hawakuwahi kuusikia. Kila mtu alimwita daktari. Yeye alikataa, kisha akachoka kukataa. Chifu alimpa majina ya nyumba sita zenye kondoo, na ya Mong'ina ilikuwa ya nne.

Alikaa kwenye kigoda, akanywa uji aliopewa, kisha akaanza kueleza.

"Mama, kondoo akicheua, anabeua gesi. Huwezi kuiona wala kuinusa. Inaitwa methani. Inapanda juu na kuzuia joto lisitoke, na dunia inazidi kupata moto mwaka hadi mwaka."

"Kondoo wangu hawa?"

"Wa kila mtu. Ng'ombe pia. Wako ni wachache, lakini duniani wako wengi mno."

Mong'ina akauliza, "Na magari? Na viwanda?"

"Hivyo ni vibaya zaidi. Siwezi kukudanganya."

"Basi mbona umeanzia kwangu?"

Levi alicheka kwa aibu, akaangalia viatu vyake. Halafu akaeleza upya, polepole. Kondoo anayekula nyasi ngumu peke yake hukaa mwaka mmoja na nusu kabla hajafikia uzito wa kuuzwa, na siku zote hizo anabeua. Akipewa majani mazuri, ya mti wa kaliandra na ya viazi vitamu, anafikia uzito ule kwa miezi minane. Nyama ni ileile, gesi imepungua, na mwenye kondoo anapata chake mapema. Ila lazima kundi lipunguzwe. Majike wazee wasiozaa na madume ya ziada wote waende sokoni, kwa sababu wanakula na kubeua bila kuzalisha kitu.

Mong'ina alielewa. Watu walikuja kusema baadaye kwamba alidanganywa, kwamba mwanamke asiyesoma alichezewa akili na mtu mwenye karatasi. Si kweli. Alielewa kila neno, na aliona lina maana, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amewalisha wale majike wazee kwa miaka bila kupata hata mwanakondoo mmoja.

Lakini kilichomfanya akubali kilikuwa kitu kingine. Levi alifungua daftari kubwa la jalada gumu, akachomoa kalamu.

"Jina la mwenye kondoo?"

Mong'ina alitazama upande wa nyumba ya Mwikwabe, juu ya kilima. Alimtazama Boke, aliyekuwa akipepeta wimbi kivulini. Mzee hakuinua kichwa.

"Mong'ina," alisema. "Andika Mong'ina."

Levi akaandika, akamwonyesha. Hakuna karatasi yoyote duniani iliyokuwa imewahi kusema hivyo.

Aliuza kondoo tisa Kegonga. Kwa mapato hayo akanunua mabati na mbao, akajenga banda lenye sakafu iliyoinuliwa kutoka ardhini, kama Levi alivyomchorea. Mwikwabe alisikia habari sokoni, akaja mbio.

"Umeuza kondoo za ndugu yangu kwa sababu zinabeua?"

"Nimeuza wasiozaa, shemeji."

"Kwa sababu zinabeua!" Mwikwabe alipiga ukelele, na majirani waliosimama barabarani wakaangua kicheko. Kwa mwezi mzima wanaume waliompita Mong'ina njiani walibeua kwa sauti, kisha wakajifanya kuomba radhi.

Vicheko vilizidi vifaa vilipoletwa. Kila kondoo aliyechaguliwa kwa jaribio la mradi alimezeshwa kidude cha chuma, kidogo kama kidole cha mtoto, cha kukaa tumboni na kutoa polepole gesi nyingine isiyodhuru, ili wapimaji wapate cha kulinganisha na ile ya kubeua. Shingoni alivishwa kopo lililotolewa hewa yote, na mrija mwembamba ukapita kwenye kamba ya kichwa hadi puani. Kopo lilivuta pumzi kidogo kidogo mchana na usiku, na kesho yake Levi alilitoa, akaliandika namba, akalifunga sandukuni. Makopo yalisafirishwa nje ya nchi kwenda kupimwa. "Wanaiba pumzi ya kondoo," watu walisema, na wengine hawakuwa wanatania.

Hata hivyo mwaka ule wa kwanza ulikuwa mwema. Mong'ina alipanda kaliandra kuzunguka shamba lote, akawa anakata kila asubuhi kabla umande haujakauka. Wanakondoo walinenepa hata Boke akawa anawapapasa migongo akitikisa kichwa kwa mshangao. Walipopimwa kwa mizani iliyoning'inizwa kwenye boriti ya banda, Levi alisoma namba mara mbili.

"Mama, hawa wamewashinda wa nyumba zote sita."

Mong'ina alicheka kwa sauti, kitu ambacho hakuwa amefanya tangu msiba. Alianza kutembea sokoni kichwa juu. Aliwauzia wanunuzi wanakondoo wanne, na jioni ile alimnunulia mama mkwe wake blanketi zito.

Mambo yalianza kuharibika Julai ya mwaka wa 1997. Mwenye bucha mmoja pale Kegonga alinunua kwake jike lililokuwa kwenye jaribio. Levi alikuwa ameagiza kwamba kondoo wenye chuma wasiuzwe kabla yeye hajajulishwa, lakini jike lile lilivunjika mguu, Levi alikuwa Homa Bay, na Mong'ina aliona afadhali aliuze kuliko life bure. Mwenye bucha alipopasua tumbo, kidude kikaanguka sakafuni kikalia.

Kufikia saa sita mchana soko lote lilikuwa limekiona. Kilipitishwa mkono kwa mkono. Mmoja alisema ni risasi, mwingine akasema ni sumu ya polepole, ya kuwafanya watu wa mpakani wasizae. Nyama ikatupwa. Mwenye bucha alimfuata Mong'ina hadi nyumbani na watu zaidi ya ishirini nyuma yake, akamtupia kile kidude miguuni.

"Kula wewe!"

Levi alipopata habari alikuja kasi. Siku ya soko alinunua nyama ya kondoo mwingine wa Mong'ina, aliyechinjwa mbele ya watu, akaichoma hapo hapo, akaila mbele ya kila mtu, kipande baada ya kipande, jasho likimtoka.

"Mnaona? Ninakula! Yawa, mbona hamtaki kuelewa? Kile chuma hakina sumu!"

Watu walimtazama hadi akamaliza. Kisha mama mmoja muuza nyanya akasema kwa upole, kama anayemhurumia, "Huyu amekunywa dawa kwanza," na hapo maneno yakaisha.

Hakuna aliyenunua tena kondoo wa Mong'ina. Wanakondoo waliopaswa kuondoka kwa miezi minane walifika miezi kumi, kumi na miwili. Majike yakaendelea kuzaa. Kundi alilolipunguza likarudi kuwa ishirini na wawili, na kaliandra ikakatwa kuliko ilivyoweza kuchipua, mpaka ikabaki vijiti. Mong'ina alijaribu kuwapeleka Ntimaru, wanunuzi wakamuuliza ametoka wapi, akasema, wakaondoka. Alijaribu kumpa Robi wawili awavushe Tarime. Mkwewe wa huko alituma salamu kwamba asilete balaa.

"Nifanye nini, daktari?" alimuuliza Levi. "Uliniambia waende mapema. Hawaendi."

Levi alikuwa amekonda. "Nimeandika barua tatu, mama. Wakubwa wa mradi wananiambia niendelee kupima."

"Upime nini?"

Levi alitoa makopo, akawavisha kondoo kama kawaida, akaondoka.

Oktoba ikaja mvua ya Elnino. Watu wa Kuria wanajua mvua, lakini hii haikuwa na mapumziko. Ilinyesha wiki, ikanyesha mwezi. Daraja la chini likasombwa, barabara ikawa tope linalomfika mtu magotini, na pikipiki nyekundu haikuonekana tena. Majani yote malishoni yakalowa, na kwenye majani yale yaliyolowa kukawa na minyoo. Mong'ina aliona kondoo mmoja amevimba chini ya taya, kama aliyefichiwa yai hapo. Akamfunua kope. Ndani palikuwa peupe kama karatasi.

Huyo alikufa kesho yake. Wiki ile walikufa wanne.

Dawa ya minyoo aliyoachiwa na mradi iliisha. Alikata majani ya viazi mpaka akamaliza shamba la chakula chake mwenyewe, akawapelekea kwenye banda wasitoke kwenye tope, lakini walikuwa wamekwisha kuumeza ugonjwa. Wenye nguvu walikufa baada ya wanyonge. Kila asubuhi alivuta mmoja au wawili kwa miguu hadi shimoni. Hakuthubutu kuwachinja wawe hata mboga, kwani nani angekula? Yeye na Boke walikula ugali kwa chumvi huku nyama ikizikwa hatua thelathini kutoka mlangoni.

Asubuhi moja Boke alimkuta amekaa kwenye sakafu ya banda, amepakata kichwa cha jike aliyekuwa akitetemeka. Mvua ilipiga mabati hata ikabidi mzee apaze sauti.

"Mong'ina! Toka humo. Utaugua."

"Wako saba, mama. Walikuwa ishirini na wawili." Alilia bila kujificha. "Ningewaacha wale tisa. Ningekuwa na wengi, wangebaki wengi. Mimi mwenyewe niliwapunguza. Kwa mkono wangu."

Boke aliingia, akakaa kando yake kwenye mbao zenye mbolea. Alisema, "Agroveti ya Kegonga haina dawa. Nimeuliza. Wanasema iko Kehancha."

Mong'ina aliondoka asubuhi ile kwa miguu, gunia la plastiki kichwani badala ya mwavuli. Kijito alichozoea kukivuka kwa kuruka kilikuwa kimefurika hadi kwenye mashamba, ikabidi akizunguke, na safari ya kwenda, iliyokuwa ya siku moja, ikawa ya siku mbili. Alilala kwa mwanamke asiyemjua, aliyempa nguo kavu. Kehancha alipata chupa moja. Muuzaji alisema ni ya mwisho, na kwamba inatosha kondoo thelathini, pengine thelathini na watano akipima vizuri. Aliifunga kwenye leso tumboni, kama mtu anayebeba mtoto.

Aliporudi, banda lilikuwa wazi. Kondoo wawili walikuwa wamelala wamekufa. Wengine hawakuwepo.

"Mwikwabe amewachukua watano," alisema Boke. "Amesema amekuja kuwaokoa. Nilimkataza. Nimekuwa mzee, Mong'ina, sikuweza kumshika."

Mong'ina hakubadilisha nguo. Alichukua chupa tupu ya soda, akapanda kilima. Mwikwabe alikuwa zizini kwake, ameinama juu ya dume lake kubwa lililolala ubavu. Alikuwa na kondoo sitini mwanzo wa mvua. Mong'ina alihesabu kwa macho: hawakufika thelathini waliosimama. Watano wake walikuwa pembeni, wamefungwa kamba.

"Kondoo wangu, shemeji."

"Zingekufa pale kwako," alisema Mwikwabe bila kumtazama. "Mimi nilikuwa na sitini. Zikifa thelathini ninabaki mtu. Wewe ulidanganywa ukabakisha kidogo, sasa angalia." Kisha akaona kile kilichofungwa tumboni mwake. "Hiyo ni dawa?"

"Ni dawa."

Mwikwabe alisimama wima. Sauti yake ikabadilika. "Tibu hizi zangu. Ukimaliza utapewa zako."

Mong'ina alikuwa ametembea siku nne, na alijua kwamba mtu huyu anaweza kumnyang'anya chupa kwa mkono mmoja. Hakukuwa na mtu mwingine pale isipokuwa mke wa Mwikwabe, aliyesimama mlangoni pa jikoni. Mong'ina alifungua leso, akafungua kifuniko, akaishika chupa juu ya tope, imeinama.

"Wangu kwanza," alisema. "Wakishatibiwa, watoke nje ya zizi hili. Halafu nitatibu wako mpaka dawa iishe. Ukinigusa, naimwaga."

"Huwezi."

"Shemeji, nimebaki na nini cha kunifanya nisiweze?"

Mwikwabe aliitazama chupa. Alimtazama dume wake. Mkewe akasema kutoka kule mlangoni, "Mpe kondoo zake, baba Gati." Mwikwabe akafungua kamba kwa mikono yake mwenyewe.

Mong'ina aliwanywesha watano wake kwa chupa ya soda, kila mmoja kipimo chake, akawatoa nje. Halafu alirudi ndani ya zizi, akanywesha wa Mwikwabe mmoja mmoja hadi tone la mwisho, kama alivyoahidi. Mwikwabe ndiye aliyewashika vichwa. Mong'ina alipomaliza, Mwikwabe alisema "Asante" kwa sauti ya chini, na tangu siku hiyo hakuwahi kudai tena kondoo wa Mniko. Pengine ni kwa sababu ya dawa ile. Pengine ni kwa sababu hapakuwa na kitu cha kudai.

Wawili kati ya watano walikufa wiki ileile. Wakabaki watatu, majike wawili na mtamba mmoja.

Levi alirudi Aprili, barabara zilipokauka, na safari hii alikuja kwa miguu kutoka stendi. Pikipiki ilikuwa imerudishwa. Mradi ulikuwa umefungwa. Alikuwa na bahasha.

"Nimekuletea matokeo, mama. Nilisema nitaleta." Aliketi, akafungua karatasi. "Kwa kila kilo ya nyama, gesi ya kondoo wako ilipungua kwa robo. Ndiyo nyumba iliyofanya vizuri kuliko zote. Hesabu hii inasomwa sasa mahali pengi."

Mong'ina alisikiliza hadi mwisho. "Na waliokufa wameandikwaje?"

Levi aligeuza ukurasa. "Wameandikwa 'walioondolewa katika jaribio.' Kumi na tisa."

"Nani aliwaondoa?"

"Mama..."

"Nakuuliza tu. Mimi niliwavuta kwa miguu mmoja mmoja. Karatasi inasema waliondolewa. Na wewe ulikuwa wapi?"

"Walinizuia Homa Bay. Walisema barabara ni hatari." Alikunja karatasi, akaikunjua. "Ningeweza kutembea. Nilifikiria hivyo kila siku. Sikutembea."

Mong'ina hakumfukuza wala hakumsamehe. Alimpikia ugali na mboga, akala naye, kwa sababu jua lilikuwa kali na kijana ametoka mbali. Levi alipokuwa akiondoka, Mong'ina alimuuliza kitu kimoja. Alitaka kujua kama ile robo iliyopungua inasaidia kitu, kama joto la dunia litapungua hata kidogo.

"Kwa kondoo wako peke yao, hapana," alisema Levi. "Ni mpaka wengine nao wafanye."

"Na watafanya?"

"Sijui, mama."

Huo ulikuwa mwaka wa 1998. Mwaka uliofuata Mong'ina alikuwa na kondoo sita. Kaliandra ilichipua tena, na aliendelea kukata kila asubuhi, kwani alikuwa ameona kwa macho yake kwamba inawanenepesha. Watu walianza kununua tena, kwanza kwa bei ya kutupa, kisha kwa bei ya haki. Majike wakizeeka bila kuzaa aliwauza, ingawa kila alipomtoa mmoja zizini aliwaza mvua nyingine kama ile ikija itamkuta na wangapi. Majirani waliomshauri aongeze kundi hawakuwa wajinga, na alijua hivyo. Robi alimtumia ujumbe ahamie Tarime akapumzike. Hakuhama. Boke alikuwa haoni tena vizuri, na hakuna mwingine ambaye angemshika mkono kumpeleka nje kuota jua.